Mwenye Kushindwa Ndiye Alipaye

Tumeulizwa na baadhi ya vijana wa darsa yetu hapa Voi suala ambalo twakiri kwamba mara ya kwanza tulilijibu vibaya. Suala lenyewe ni hili: vile vyumba vya michezo ya runinga, ambavyo vijana huviita pleisteshini, yafaa mtu kuingia na kucheza, au haifai? Jawabu tulilotoa, na tulilitoa juu ya mimbari siku ya Ijumaa kwa sauti ya juu, ni kwamba haifai, na kwamba mlango wa vyumba vile na mlango wa kamari ni mlango mmoja. Wazee waliokuwa safu za mbele walitikisa vichwa kwa kuridhika. Baada ya Sala akatujia kijana mmoja katika wanafunzi wetu, akatuamkia kwa adabu, kisha akasema: "Maalim, umepata kuingia mle ndani hata siku moja?"

Hatukupata kuingia. Tulikuwa tukipita nje, tukisikia kelele, tukiona viatu vya watoto vimetupwa mlangoni, basi tukajitosheleza kwa hayo. Nasi tuliosomeshwa tangu utotoni kwamba kadhi hakati hukumu mpaka awasikize wenye kesi wote wawili, tulikata hukumu juu ya chumba kizima kwa kupita barabarani! Tukamwambia kijana: "Tupeleke."

Chumba chenyewe kiko nyuma ya maduka, kimeezekwa mabati, na mchana joto lake ni la tanuri, kama ijulikanavyo kwa mabati ya Voi. Mna runinga nne na mabenchi. Vijana walipotuona tumeingia na kanzu zetu walisimama wote, na mmoja wao akaficha sigara. Tukawaomba wakae waendelee. Mchezo waliokuwa wakiucheza ni wa mpira wa miguu, ule uliokuwa ukiitwa FIFA, ambao tangu mwaka 2023 hutolewa kwa jina jingine. Lakini wao bado wauita kwa jina lake la zamani. Tulikaa kadiri ya saa nzima. Hatukuona uchi wala hatukusikia matusi, ingawa huenda haya yalikuwa kwa heshima ya kanzu. Tuliona vijana wawili, mmoja wa Sagalla na mmoja mwanawe jirani yetu, wameinama mbele ya kioo kwa bidii ambayo twaitamani tuione darsani.

Tukamwuliza mwenye chumba bei. Akasema mchezo mmoja ni shilingi 20. Tukamwuliza: nani alipaye? Akashangaa kwa suala lile, akajibu kama mtu ajibuye jambo lisilo na haja ya kuulizwa: "Mwenye kushindwa, Sheikh." Mshindi hubaki kitini bila ya kutoa kitu, akaja mwengine kupambana naye, na mwenye mkono mwepesi aweza kucheza tangu adhuhuri mpaka magharibi kwa shilingi 20 za wenziwe.

Hapo ndipo tulipokuta tulichokuwa hatukukitafuta. Kelele zile tulizozisikia nje si kitu. Joto si kitu, na hata mchezo wenyewe, tukiutazama kwa insafu, ni kama keram na dhumna. Lakini sharti lile la malipo lina sura tuijuayo. Watu wawili wanaingia katika jambo, na kila mmoja wao yu baina ya kupata na kukosa, na apatacho huyu hakitoki ila katika mfuko wa yule. Tukamweleza kijana wetu hivyo. Akasema: "Lakini mshindi hatoki na kitu mkononi." Tukamwambia: hutoka na shilingi 20 ambazo angalizilipa, na mtu aliyeepushwa na deni lake kwa mali ya mwenziwe ni sawa na aliyepewa. Akanyamaza kidogo, kisha akatuuliza suala la pili, nalo lilikuwa zito kuliko la kwanza: "Na wazee wanaocheza bao kule barazani, anayefungwa akawanunulia wenziwe kahawa?"

Wazee wale ndio wale wa safu za mbele, waliotikisa vichwa. Nasi kahawa hiyo tumeinywa, si mara moja.

Twaomba msomaji asiyapite haya upesi, maana humu ndimo ulimo ugonjwa wa maoni mengi tuyasikiayo juu ya vitu vipya. Mara nyingi hatuhukumu kitendo. Twahukumu umri wa mtendaji na umri wa chombo chake. Jambo likifanywa na mwenye mvi juu ya ubao wa mti, twaliita mazungumzo. Likifanywa na mwenye miaka 17 mbele ya kioo, laitwa upotevu. Na wanavyuoni wetu wa zamani hawakuwa hivyo. Sataranji iliwafikia nao ikiwa kitu cha ugenini, na ilikuwa wepesi kwao kuifungia mlango. Imamu Shafi, ambaye sisi watu wa pwani hii na bara yake twamfuata, aliichukia wala hakuiharamisha; na Imamu Nawawi akaeleza kwamba haramu huingia pale mchezo unapompitisha mtu wakati wa Sala, au unapochezwa kwa kuwekeana mali. Walitazama linalotendwa, hawakutazama vipande vya pembe vilivyo juu ya ubao.

Na khofu ya chombo kipya imekwisha kututia khasarani kabla ya leo. Mwaka 1727 Ibrahim Müteferrika alipopewa ruhusa ya kuweka mtambo wa kupigia chapa mjini Istanbul, ruhusa ile ilivitoa vitabu vya dini, visipigwe chapa. Leo ni msikiti gani, kutoka Voi mpaka Taveta, usio na misahafu iliyopigwa chapa? Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui naye alipotaka kuwaamsha watu wa Mombasa, hakungoja wamjie barazani. Alitoa Sahifa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932, na karatasi zikafika mahali ambapo miguu yake haikufika. Alikitwaa chombo cha wakati wake akakifanyisha kazi.

Basi, je, tuseme kama wasemavyo wengi wa vijana wetu waliosoma, kwamba chombo hakina dhambi, kwamba simu ni kama kisu, humkatia mtu mkate na humkatia mtu shingo, na lawama ni ya mkono tu? Maneno haya ni matamu, nasi tumeyatumia wenyewe katika mijadala. Siku hizi hatuyatumii ovyo. Kisu kikiwekwa kabatini hukaa kabatini. Hakimwiti mtu usiku wa manane kumwambia kwamba wenziwe sasa hivi wanakata, naye amelala. Hakijui jina lake. Hakikumbuki jana alikata nini ili leo kimletee tena. Vitu vilivyomo ndani ya simu vina watu waliovitengeneza, na watu hao wana makusudio, na makusudio hayo yamo ndani ya kitu chenyewe yakitenda kazi wakati mwenye simu asinzia.

Lakini makusudio ya mtengenezaji nayo si hukumu peke yake. Sisi wakaazi wa Voi tuna mfano miguuni petu. Njia ya reli itokayo hapa kwenda Taveta ilianza kujengwa mwaka 1915 kwa ajili ya vita. Waingereza walitaka kupitisha majeshi na mizinga kuwaendea Wajerumani upande wa Kilimanjaro, na mwezi wa Februari 1916 watu wengi waliuawa pale Salaita. Hicho ndicho kilichoijenga. Vita vikesha, reli ikabaki, ikabeba abiria na mizigo isiyo na uhusiano wowote na mizinga. Hakuna aliyesema kwamba mama aliyepanda gari la moshi na vikapu vyake amepanda vita.

Kwa hivyo sisi twapendekeza kipimo kingine, nacho ni hiki: kitoe kitu kile ubaya unaolalamikiwa, kisha utazame kinabaki nini. Reli ukiitoa vita, yabaki reli. Mchezo wa mpira ukiutoa sharti la mwenye kushindwa kulipa, wabaki mchezo, na vijana watacheza vile vile, na huenda wakacheka zaidi. M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, yapitisha fedha za kamari usiku na mchana. Lakini itoe kamari, yabaki njia ambayo mtoto aliye kibaruani Mombasa humpelekea mamaye wa Wundanyi pesa za unga, na ambayo msikiti wetu hupokelea sadaka.

Sasa kitwae kile kijindege. Msomaji asiyekijua amwulize kijana yeyote wa bodaboda katika kituo cha Voi, ataonyeshwa. Chaitwa Aviator. Kwenye kioo cha simu huruka kindege, na kadiri kipaavyo ndivyo hesabu izidivyo, na mchezaji aliyeweka shilingi zake atakiwa azitoe kabla hakijatoweka. Akiwahi, hupata. Kikitoweka naye yumo, zimekwenda. Duru nzima yaweza kwisha kwa nukta chache, na baada yake huanza nyengine, na nyengine, bila ya adhana wala machweo. Hesabu imekwisha pangwa tangu mwanzo kwamba, kwa kupita siku, mwenye mchezo atabaki na fungu lake katika kila mia, bahati ya mtu mmoja mmoja iweje. Basi kitoe kindege hiki fedha. Mwambie kijana akae akitazame kipae na kitoweke, bure, asiweke wala asipate. Hatakitazama kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Hakina uzuri, hakina ustadi, hakina hata bao la kusimulia. Ukikitoa ubaya hakuna kinachobaki, kwa sababu ubaya ndio kiwiliwili chake. Hapa maneno ya kisu hayaingii, na mwenye kuyaleta atwambie mkate uko wapi.

Twajua kwamba Serikali nayo imehangaika na jambo hili. Mwaka 2019 leseni za makampuni kadhaa ya kamari hazikutolewa upya, SportPesa na Betin zikatangaza kufunga kazi zao, na baadaye SportPesa ikarudi. Mwezi wa Aprili 2025 bodi iliyokuwa ikisimamia kamari ikasimamisha matangazo yake yote kwa siku 30. Siku 30 ni chache. Lakini kwa muda ule tulimsikia baba mmoja akisema kwamba ameweza kusikiliza khabari za mpira na wanawe bila ya kuona haya.

Juu ya TikTok tutasema maneno machache. Mwaka 2023 lilipelekwa ombi katika Bunge la Taifa likitaka ipigwe marufuku, na hapa kwetu watu waligawanyika mara moja, wengi wao bila ya kuuliza ombi lasema nini. Tukiitia katika kipimo chetu, kinabaki kitu: mna mafundi wanaofundisha, mna wakulima, mna masheikh wenzetu. Kinachotukera ni ule mtiririko usio na mwisho, kwamba kitabu kina ukurasa wa mwisho na barza ina wakati wa kuvunjika, na kile hakina. Mwenye kukitumia basi na ajiwekee mwisho wake mwenyewe, na mwenye mtoto amwekee. Zaidi ya haya hatuna la kusema kwa sasa.

Lakini twalo jambo jengine, na kwa ajili yake ndipo tulipoiandika makala hii, ingawa tulitamani tungaliweza kuiandika bila ya kulitaja.

Majuma mawili baada ya khutba ile ya Ijumaa, ilitufikia katika WhatsApp picha ya mtu pamoja na sauti ya mwanamke anayelia, akisema kwamba mtu huyu anaiba watoto, na kwamba ameonekana njia ya Mwatate. Tulikuwa tumetoka kusali Alasiri. Tuna watoto. Hatukungoja, tuliipeleka katika kundi la jamaa wa msikiti, tukaongeza kwa mkono wetu maneno matatu: "Chungeni watoto wenu." Kisha tukaenda zetu kununua mboga, moyo umetua, tukiona tumefanya wema.

Mtu yule ni mchuuzi wa ndizi, huzitoa Taveta akazileta Voi. Siku ya pili alisimamishwa njiani na vijana, akavutwa chini, akapigwa. Aliokolewa na mwanamke auzaye mahindi ya kuchoma aliyemjua, akalala juu yake mpaka wakaacha. Alivunjika mkono na meno mawili. Katika wale waliompiga alikuwamo mmoja aliyeipata picha ile kutoka kwa mtu wa kundi letu. Tulilijua hilo baadaye, na hatukulijua kwa kuambiwa na mtu. Tulilifuata wenyewe, kutoka simu hadi simu, hata tukaifikia yetu.

Ewe msomaji, sisi ni watu tuliosomeshwa elimu ya Hadithi kwa masheikh, na jambo la kwanza katika elimu hiyo ni kuuliza: nani amepokea kwa nani? Mpokezi mmoja asiyejulikana akiwa katikati ya mlolongo, maneno yote yalegea. Wako waliosafiri mwezi mzima kuhakikisha neno moja. Na katika Sura ya Hujurat tumeamrishwa tuihakikishe khabari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta. Aya hiyo tumeifasiri darsani si chini ya mara tano. Na juu ya ujumbe ule, kabla hatujaupeleka, palikuwa na alama ndogo na maneno kwamba umetumwa mara nyingi. Alama ile imewekwa kuwaonya watu, na tangu mwaka 2020 ujumbe wa namna hiyo hauruhusiwi kupelekwa ila mahali pamoja kwa mara moja. Sisi hatukuiona kuwa onyo. Kwa aibu twasema kwamba tuliiona kuwa ushahidi: kwa kuwa wengi wameituma, basi ni kweli. Na hali ni kinyume. Ile ni sanadi iliyofutwa majina yote, ikabakishwa hesabu ya mikono tu.

Tulikwenda kumtaka radhi, nyumbani kwake, pamoja na wazee wawili. Alitukaribisha, mkono wake umefungwa. Tulimweleza kwamba hatukumjua, na kwamba hatukutunga neno hata moja, ila tulipeleka tu. Alitusikiza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Shehe, walionipiga niliziona nyuso zao, na mmoja nimekwisha msamehe, ni mtoto wa watu. Wewe sikukuona. Ungalikuwa pale ungalisema nini?"

Hatukuwa na jawabu. Lau tungalikuwa pale, tungaliwazuia. Hili twalijua kama tujuavyo majina yetu. Tusingeweza kumnyoshea kidole mtu tusiyemjua mbele ya vijana waliokasirika. Basi ni nini kilichotuwezesha kulifanya jambo lile lile tukiwa mlangoni mwa msikiti, na kikapu cha mboga mkononi? Si ubaya wa simu. Tukiipima kwa kipimo chetu, ujumbe ule ukiutoa uwongo, chabaki chombo ambacho kwacho twajuliana hali na ndugu zetu. Wala hatukuchochewa na kampuni yoyote. Tulilotenda lilikuwa letu lote. Simu ilituondolea jambo moja tu, nayo ni uso wa yule tunayemsema, na ikadhihirika kwamba uchaji wetu ulikuwa umeegemea uso ule kuliko tulivyodhani. Kumbe kijana wa chumba cha mabati, ambaye mwenziwe amekaa ubavuni pake na akimfunga humwona akiuma midomo, yu katika hali bora kuliko sisi siku ile.

Tuliandika katika kundi kwamba khabari ile ni ya uwongo na kwamba sisi ni miongoni mwa walioieneza. Wachache waliipeleka mbele. Ijumaa iliyofuata tulipanda mimbari tukayasema haya, na tukaitengua hukumu yetu ya mwanzo juu ya vyumba vya michezo. Safari hii wazee wa safu za mbele hawakutikisa vichwa. Gharama za matibabu ya mkono tumezibeba, nasi twaendelea; meno bado.

Ama chumba chenyewe, mwenye nacho amekubali, baada ya mazungumzo marefu, kwamba kila mchezaji alipe shilingi 10 kabla ya kuanza, ashinde asishinde. Amelalamika kwamba wale hodari sasa hucheza kidogo, maana wamezoea kucheza bure, na wale wadhaifu wameongezeka. Tumeambiwa pia kwamba wako ambao hulipa nusu nusu mbele yake, kisha huhesabiana nje. Hili twalifuatilia.

Barazani kwa wazee hatujafaulu. Mmoja wao, ambaye ni mkubwa wetu na tumwitaye Ami, ametwambia kwamba kahawa si mali, kahawa ni mapenzi, na kwamba hakuna mtu aliyefilisika kwa kikombe. Tumemwomba aje ayaseme hayo darsani Jumamosi baada ya Magharibi, mbele ya vijana, naye kijana aliyetuuliza suala lile amepewa ruhusa ya kumjibu. Ami amesema atakuja kama hali ya miguu itamruhusu.